Butcher Row haikusubiri mabomu

Nashukuru kwa picha mlizochapisha za Coventry ya zamani, mji wa Uingereza, lakini maelezo yaliyoambatana nazo kwamba mji huo wa kale ulifutwa na ndege za Ujerumani usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 yanaacha nusu ya habari. Itazameni tena picha ya Butcher Row, ule mtaa mwembamba wa mabucha ambao ghorofa zake za mbao zimetokeza mbele kiasi kwamba majirani wa pande mbili wangekaribia kuombana chumvi dirishani: mtaa huo ulibomolewa na halmashauri ya mji yenyewe mwaka 1936, ili kupisha barabara pana ya Trinity Street iliyofunguliwa mwaka uliofuata. Viwanda vya baiskeli na magari vilikuwa vimeujaza mji watu, na vichochoro vile vilionekana kero.

Sikatai kwamba mabomu yaliteketeza mengi, likiwemo Kanisa Kuu la Mtakatifu Mikaeli, ambalo magofu yake yamesimama hadi leo kando ya kanisa jipya lililowekwa wakfu mwaka 1962. Hata hivyo, msanifu majengo wa mji, Donald Gibson, alikuwa tayari na mipango ya kujenga upya katikati ya mji kabla ya shambulio hilo. Vita vilimfungulia njia, ingawa ni vigumu kulisema hilo mbele ya wafiwa. Anayetaka kuziona nyumba za namna ile aende Spon Street, ambako baadhi zilifumuliwa kwingineko mjini, zikahamishwa na kuunganishwa upya.