Ndugu anayeachwa benchi la nje

Siku ya kliniki ya afya ya akili, mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo kweli, anaitwa ndani. Anaulizwa kama analala, kama anakula, kama bado anasikia sauti; anachomwa sindano, anaandikiwa tarehe. Mama au kaka aliyemleta kutoka Chunya au Rungwe anasubiri benchi la nje. Sindano ni ya wiki 4, kwa hiyo huyo wa benchi ndiye atakayekaa na ugonjwa siku 27 zinazofuata, na mara nyingi hakuna aliyemweleza kitu.

Utafiti wa KUPAA, kirefu chake Kuwezeshana Kupata Uzima, ulimwingiza ndani. Mtafiti Joy Noel Baumgartner na wenzake, akiwemo Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili, waliufanyia kwenye kliniki mbili, moja Dar es Salaam na nyingine Mbeya. Jozi 66 za mgonjwa na ndugu yake ziligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likaendelea na matibabu ya kawaida, jingine likaongezewa vikao 12 ambavyo wagonjwa na ndugu walielezwa pamoja kuhusu ugonjwa na dawa. Waliopitia vikao walionyesha matumaini zaidi, na maisha yao yakawa na unafuu. Jozi 66 ni chache, asiuziwe mtu habari kwamba vikao vinaponya skizofrenia. Lakini anayeifahamu kazi hii hatashangaa kwamba vilisaidia.

Chukua hiyo sindano. Dawa iliyomo, flufenazini, imeyeyushwa kwenye mafuta, hutoka kwenye msuli kidogo kidogo. Desemba mvua zimeshika, nyumba nzima iko shambani kupanda mahindi, tarehe inapita. Hakuna kinachotokea. Krismasi inapita kwa amani na watu wanaamini kijana amepona. Inafika Machi, usingizi unapotea, anaanza kuzungumza peke yake, na lawama inaangukia msiba wa juzi au jirani mwenye jicho baya. Nani atakumbuka sindano ya Desemba? Mtafiti Stefan Leucht na wenzake walijumlisha majaribio 65 ya dawa za skizofrenia mwaka 2012: ndani ya mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia 27 kati ya 100 waliobaki kwenye dawa, na 64 kati ya 100 waliopewa vidonge au sindano zisizo na dawa ndani.

Halafu kuna maudhi ya dawa. Haloperidoli, dawa nyingine ya ugonjwa huu, inaweza kupindisha shingo, kukaza taya na kupandisha macho juu, hasa siku za mwanzo na hasa kwa vijana wa kiume. Nyumbani wanasema ni pepo. Kumbe ni dawa tu, na dawa ya pili, triheksifenidili, huituliza hali hiyo. Linalonisumbua zaidi ni mgonjwa asiyeweza kukaa: anasimama, anazunguka uani, anakanyaga hapa na pale. Ndugu anaripoti kwamba kichaa kimezidi, dozi inaongezwa, na hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu dawa yenyewe ndiyo inayomzungusha. Ndugu aliyeelezwa tofauti hiyo atasema, "Hapati raha miguuni," na mhudumu ataelewa. Na anayemeza klopromazini, dawa nyingine ya skizofrenia, kisha akashinda juani kwenye mpunga Mbarali avae kofia na mikono mirefu, ngozi yake huungua upesi.

Kukaa kutwa bila kuoga wala kushika jembe nako kunaitwa uvivu, wakati ni sehemu ya ugonjwa. Tafiti za George Brown, zilizoanza London miaka ya 1950, zilionyesha kwamba wagonjwa waliorudi kwenye nyumba za kukaripiwa waliugua tena zaidi ya wengine. Ndugu hakaripii kwa ubaya. Amechoka.

Watasema muuguzi ni mmoja na foleni ni ndefu. Kweli, ndiyo maana vikao ni vya kundi, na viwekwe siku ileile ya sindano, maana nauli ya pili haipo. Sindano ikikosekana stoo, basi vikao vitageuka maongezi matupu, na hilo liko mikononi mwa wanaoagiza dawa.

Hospitali ya wilaya inayosubiri mradi ianze na nyuma ya kadi ya kliniki. Mgonjwa na ndugu waandike pamoja dalili mbili ambazo kwa mgonjwa huyo hutangulia ugonjwa kurudi, kwa mfano kutolala usiku wa pili mfululizo au kukataa chakula cha mtu fulani, namba ya simu ya kliniki, na jina la jirani atakayemsindikiza kama ndugu yuko shamba la mbali. Dalili ya kwanza ikionekana, wapige simu siku hiyohiyo, hata kama tarehe iko wiki mbili mbele.