Kayamba la Usiku wa Manane

Nilipanda mbegu 40 za astragalasi kama mtu anavyopanda kunde: shimo, mbegu, udongo, maji, subira. Si ni jamii moja na kunde? Ukoo wake una spishi zaidi ya 3,000, nikajiambia mmea wenye ndugu wote hao hauwezi kushindwa na kibustani changu. Wiki sita zikapita. Hata jani la kudanganyia macho halikutokeza. Nikafukua mbegu moja: ngumu, kavu ndani, kama nimeizika jana.

Kumbe ganda lake halipitishi maji. Porini mbegu hukaa ardhini hata miaka, ikingoja mchanga na misimu viikwaruze. Mimi miaka hiyo sina, nikaambiwa nitumie msasa. Hebu jaribu kusugua kitu chenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti! Mbegu nne zilirukia chini ya kabati. Ya tano niliposugua, nilisugua kidole. Ndipo nikapata akili: nikabandika msasa ndani ya kopo lenye mfuniko, nikatia mbegu, nikaanza kutikisa.

Bahati mbaya akili yenyewe ilinijia saa sita za usiku, na mama mkwe alikuwa mgeni wetu, amelala chumba cha pili.

Kopo lilitoa sauti ya kayamba hasa. Ukikwaruza mno unaharibu kiini, kwa hiyo nilikuwa nahesabu mitikiso kwa kunong'ona, gizani nisiamshe watu, taulo kiunoni. "Mia na tatu, mia na nne..." Taa ikawaka. Mama mkwe kasimama mlangoni, shuka kaivuta hadi kidevuni.

"Mwanangu," akasema taratibu, "unamwita nani?"

"Simwiti mtu, mama. Nazitikisa tu ili ziamke."

Najua. Lakini ndivyo nilivyosema.

Mbegu nikaziloweka kwenye bilauri usiku kucha. Inayovimba imekubali, isiyovimba inarudi kwenye msasa. Asubuhi nikajaribu kujisafisha. Nikamweleza mama kwamba ni mmea tu wa porini, tena mwema, mizizi yake hufuga bakteria wanaoutengenezea naitrojeni. Alikuwa ameshaanza kulegea. Sijui nilitumwa na nani, nikaongeza kwamba baadhi ya ndugu zake huko Marekani huwatia farasi na ng'ombe wazimu. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Jioni narudi, bilauri imeoshwa, imefudikizwa. Maji na vilivyomo vilimwagwa nyuma ya nyumba, kwenye kokoto, na mke wangu anasema mmwagaji alikuwa amegeuza uso.

Sikusema kitu. Mbegu chache zilizosalia koponi nikazipanda bustanini na kuzidekeza: samadi, maji asubuhi na jioni. Zikachipua, nikashangilia, zikaoza shina zote. Mmea unaojitafutia naitrojeni nilikuwa naulisha kwa nguvu, na mizizi inayotaka udongo usiotuamisha maji nimeikalisha bwawani.

Kule kwenye kokoto, juani, bila kuangaliwa na mtu, ikaota miche saba.

Nikataka kuihamisha. Wa kwanza ulikuwa na urefu wa kidole juu ya ardhi. Chini, mzizi mmoja unakwenda tu, nachimba unakwenda, mpaka ukanikatikia mkononi kama mkia wa mjusi. Siku ya tatu ukafa. Astragalasi hupandwa pale pale itakapoishi, haijui habari za kuhama. Sita iliyobaki nikaiacha. Mwaka wa kwanza haikuonyesha cha maana, ilikuwa inajenga mzizi. Wa pili ikachanua, mlango wa nyuma kabisa, pale mama mkwe alipozoea kupita.

Juzi alipiga simu kutujulia hali. Salamu zikaisha, lakini hakati.

"Kile kitu," akasema, "bado kipo?"

"Kipo, mama. Kimeanza kuzaa."

Simu ikakatika.