Sikuilia Faiawoli, Niliisemesha Tu

Kwa kuwa kuna rafiki yangu ameshawatangazia kwamba nilionekana nimeipigia magoti faiawoli ya ofisi huku nalia, naomba kurekebisha rekodi. Sikulia. Magoti ndiyo, tena na viwiko.

Faiawoli yenyewe, kile kiboksi kinachochuja na kulinda mtandao wote wa ofisi, mnaijua, nimeilalamikia humu mpaka mmechoka. Inaganda hovyo. Taa ya umeme inawaka, taa za mtandao zimekaza kijani bila kupepesa, ukiipigia pingi (ujumbe mdogo wa kuuliza "upo?"), kimya. Unachomoa, unachomeka, inaamka kama mtu aliyesinzia kwenye kikao na sasa anatikisa kichwa kukubali hoja.

Washukiwa wote niliwahoji. Joto: nikapuliza vumbi, nikaisogeza ipate hewa. Jedwali la miunganisho, yaani orodha ya mawasiliano yanayopita ndani yake, kujaa: halikufika hata nusu. Programu ya ndani: nikaisasisha. Kilichoniumiza zaidi ni logi, kumbukumbu ambazo kifaa chenyewe huandika. Zinatembea vizuri, halafu zinakatika ghafla, mstari wa mwisho hauna onyo wala kosa. Kifaa kikikata kauli namna hiyo, mtu mwenye akili anautazama umeme kwanza. Nami niliutazama! Nilichomoa adapta, nikaipima kwa mita, ikasoma volti 12 safi kabisa. Nikaiachia huru. (Mafundi umeme, nawaona mnavyotabasamu. Tulieni.)

Sasa siku ya tukio. Chumba cha mikutano, mteja mkubwa yuko kwenye skrini, na faiawoli iko sakafuni chini ya meza ya printa, mkabala kabisa na kamera. Bosi anaeleza jinsi huduma zetu zilivyo za uhakika. Akafika kwenye neno "uhakika", sura ya mteja ikaganda mdomo wazi.

Macho yote kwangu.

Nikachomeka kebo ya konsoli, ile ya kuongea na kifaa moja kwa moja bila kupitia mtandao, nikabonyeza Enter. Skrini nyeusi. Enter tena. Nyeusi vilevile. Basi nikaingia chini ya meza: kichwa na mabega ndani, mimi mwingine wote nje. Suruali ilikuwa ile niliyoambiwa na watu wanaonipenda kwamba imenibana. Nikachomoa waya, nikachomeka. Wakati naisubiri iwake, ndipo maneno yakanitoka, na hapa msinihukumu, nyote mnaongea na mashine zenu: "Amka mama. Amka mwanangu, usiniaibishe mbele za watu."

Nikashika adapta. Ya moto! Nikaigeuza, nikawasha tochi ya simu, nikasoma kibandiko: volti 12, ampea 1. Nikapapasa tumbo la faiawoli: inataka volti 12, ampea 2. Haa! Ndiyo maana mita ilinidanganya. Bila mzigo, volti zinatimia. Ofisi nzima ikiingia mtandaoni na video juu yake, adapta inaelemewa, volti zinashuka, boksi linazimia macho wazi. Ndiyo maana usiku haligandi kamwe!

"Nimekukamata, mwizi wewe!" Nilipiga kelele ya ushindi, na kwa furaha nikatikisa kile kilichobaki nje ya meza.

Chumba kimya. Nikadhani ni heshima.

Ndugu zangu, programu za mikutano siku hizi hazingoji ruhusa. Mtandao ukirudi, zinajiunga zenyewe. Na faiawoli ilikuwa imeamka zamani, taa zinapepesa mbele ya pua yangu, mimi niko bize na kibandiko. Kutoka kwenye spika ya dari ikashuka sauti ya mteja, taratibu, ya mtu mwenye malezi mema:

"Samahani... na huyo ni nani?"

Bosi akakohoa. Akakohoa tena. "Huyo," akasema, "ndiye mtaalamu wetu wa usalama wa mtandao."

Nikainuka haraka nisalimie. Meza ikanipiga kisogoni. Nikasalimia kutokea chini.

Mengine ni mafupi. Adapta halali tuliikuta mapokezi inaendesha spika ya redio. Matundu yanalingana, kuna mtu alibadilisha na hakuna anayekumbuka. Tumeirudisha, faiawoli haijaganda tena. Mteja amesaini. Mkutano wote ulikuwa unarekodiwa upande wake, na nasikia yule rafiki yangu ameshaandika barua pepe ya heshima kabisa kuomba nakala.