IPv6 imefika nusu, IPv4 haina dalili ya kuondoka

Grafu ya Google inayoonyesha ni watumiaji wangapi wanaoifikia kwa IPv6, mfumo mpya wa anwani za vifaa kwenye intaneti unaokusudiwa kuchukua nafasi ya ule wa zamani, IPv4, ina tabia ya kuchekesha: Jumamosi na Jumapili hupanda, Jumatatu hushuka. Mwisho wa wiki watu wako kwenye simu na intaneti ya nyumbani, ambako anwani mpya zimeshaingia bila wao kujua. Siku za kazi wanarudi ofisini, na fundi wa mtandao wa ofisi hana haraka ya kugusa kitu ambacho hakijaharibika. Mwanzoni mwa 2012 grafu hiyo ilikuwa chini ya asilimia 1. Sasa inacheza karibu na nusu.

Wanaosema mwendo huo wa polepole ni uzembe wana hoja. IPv6 ilichapishwa kwa mara ya kwanza Desemba 1995, baada ya kuonekana wazi kwamba anwani bilioni 4.3 hivi za IPv4 zingekwisha. Zikaja kwisha kweli: Februari 2011 IANA, ghala kuu la anwani la dunia, iligawa mafungu yake matano ya mwisho, na Novemba 2019 RIPE NCC, inayohudumia Ulaya na Mashariki ya Kati, ikatangaza kwamba yake yamemalizika. Miaka thelathini kwa nusu ya kazi ni mingi.

Ila tatizo lilikuwamo tangu mwanzo. Kifaa chenye IPv6 pekee hakiwezi kuzungumza na seva yenye IPv4 pekee mpaka awepo mkalimani katikati. Kwa hiyo anayehama haachi alikotoka. Anaendesha mifumo miwili, analipa leo, na faida anaisubiri mpaka wengine nao wahame. Na kazi yenyewe haiishii kwenye rauta. Anwani ya IPv4 haizidi herufi 15 ikiandikwa. Ya IPv6 ikiandikwa kamili inafika 39. Kila programu ya zamani iliyotenga nafasi 15 kwenye hifadhidata yake inabidi ifunguliwe upya. (Jaribu pia kumsomea mwenzako kwa simu anwani kama 2001:db8:85a3::8a2e:370:7334.)

Upande wa pili unauliza: haraka ya nini? Geoff Huston, mwanasayansi mkuu wa APNIC, shirika linalogawa anwani Asia na Pasifiki, alieleza mwaka 2024 kwamba intaneti ya leo inategemea majina kuliko anwani. Kampuni za kusambaza maudhui huweka tovuti nyingi mno nyuma ya anwani moja, na jina la tovuti ndilo linaloamua ombi liende wapi. Wateja nao wamefichwa nyuma ya NAT, mbinu ya vifaa vingi kutoka nje kwa anwani moja, wakigawana anwani chache. Ukiunganisha hayo mawili, uhaba unapoteza makali yake.

Hoja hiyo ni nzito, lakini naiona ni ya mtu anayesoma na kutazama tu. Kampuni ya simu ikiwaweka mamia ya wateja nyuma ya anwani moja, mmoja wao akimwaga barua taka na tovuti ikaifungia anwani hiyo, wote wanafungiwa. Anayetaka kuendesha seva yake mwenyewe nyumbani hafikiki kutoka nje. Itabidi akodi kwa wenye anwani. Mwaka 2011 Microsoft ilinunua anwani 666,624 za Nortel kwa dola milioni 7.5, yaani kama dola 11 kila moja. Muongo mmoja baadaye bei ilipita dola 50. Imeshuka tangu hapo, na hilo lazima tuwahesabie wasio na haraka. Lakini tangu Februari 2024 Amazon inawatoza wanaokodi seva zake nusu senti ya dola kwa saa kwa kila anwani ya umma ya IPv4, kama dola 44 kwa mwaka. Waliowahi wana mtaji. Waliochelewa wanalipa kodi ya pango.

Ndiyo maana siamini kwamba amri za serikali pekee zitatosha. Jamhuri ya Czech imepanga huduma za serikali yake ziache IPv4 tarehe 6 Juni 2032, na tarehe ni kitu kizuri, lakini uhitaji ndio uliosukuma zaidi. Jio, kampuni ya simu ya India, ilianza mwaka 2016 ikiwa na wateja wengi mno kuliko anwani za zamani ilizoweza kupata, ikajenga juu ya IPv6, na leo India iko miongoni mwa vinara wa dunia. Mwaka huohuo Apple ilizitaka programu zinazoingia kwenye duka lake zifanye kazi kwenye mtandao wenye IPv6 pekee. Waundaji wakatii, maana duka lisingewapokea bila hivyo.

Tena nusu tunayoihesabu ni ya watumiaji. Upande wa tovuti na mitandao ya ofisi uko nyuma, na maadamu seva muhimu bado zinapatikana kwa IPv4 tu, hakuna mtoa huduma atakayethubutu kuizima. Atanunua mkalimani mwingine na kupeleka gharama kwenye bili ya mteja.