Bendera ya Zanzibar: mgogoro uko pembeni au katikati?

Tarehe 9 Januari 2005, siku tatu kabla ya sherehe za Mapinduzi, Zanzibar ilipandisha bendera yake: buluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, na kwenye pembe ya juu, upande wa mlingoti, bendera ndogo ya Jamhuri ya Muungano. Tangu Muungano wa 1964 visiwa hivyo havikuwa na bendera rasmi ya peke yao. Mjadala ulizuka, na haujaisha mpaka leo: je, hiyo ni hatua ya kujitenga?

Wenye hofu hawasemi ovyo. Ukizipanga tarehe utaona kinachowatia wasiwasi. Bendera ilipanda 2005. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na Visiwani kukawaka. Miaka miwili baadaye, mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar yakaandika kwamba Zanzibar ni nchi miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Mtu wa Bara akitazama mfululizo huo anauliza: mbona mwenzangu ana bendera, rais na baraza lake, na mimi Tanganyika yangu iko wapi? Bendera ya Tanganyika ya 1961, kijani na nyeusi yenye kingo za dhahabu, ilishushwa ikaingizwa ndani ya ile ya Muungano. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba, iliyotoka 2013, ilijaribu kulijibu swali hilo kwa serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Bunge Maalumu la Katiba likabaki na mbili. Kwa hiyo malalamiko ya Mtanganyika yana msingi. Ila nionavyo mimi, yanadai Tanganyika ipewe kitu. Hayathibitishi kwamba Zanzibar inyang'anywe.

Wanaoitetea bendera wanaanzia kwenye historia. Walioungana Aprili 1964 walikuwa dola mbili, na Zanzibar ilikuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa tangu Desemba 1963. Tena bendera haikuileta Zanzibar duniani, wala haikuifungulia mlango wowote. Timu yake ya soka ilitwaa Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati mwaka 1995, miaka kumi kabla ya bendera hii. Mwaka 2017 Zanzibar iliingizwa CAF, Shirikisho la Soka la Afrika, kama mwanachama kamili, na baada ya miezi michache tu ikaondolewa. Bendera ilikuwapo na haikusaidia kitu. Halafu itazame ile pembe. Anayetaka kuachana na mwenzake hamshoni kwenye nguo yake. Kwa hili nasimama na watetezi bila kusita.

Lakini miaka yote hii tumegombania pembe, na kitambaa chenyewe hatujakitazama.

Bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu, na haikupepea Unguja peke yake. Hata Mombasa, juu ya Fort Jesus, ilibaki mpaka uhuru wa Kenya Desemba 1963, kwa kuwa ukanda wa pwani ulihesabiwa kuwa mali ya Sultani. Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, wekundu ule ulibakizwa, ila katikati likawekwa duara la kijani lenye karafuu mbili za manjano. Bendera hiyo iliishi siku 33. Mapinduzi ya Januari 12 yaliifuta, na mwanzoni mwa 1964 Jamhuri ya Watu wa Zanzibar ikachukua buluu, nyeusi na kijani.

Maelezo ya rangi hizo yanajulikana: bahari, watu, ardhi. Ni maelezo mazuri, na ni kweli kwa kila Mzanzibari. Ila rangi hizo zilikuwa kwanza za Afro-Shirazi (ASP), chama cha upande mmoja wa kisiwa kilichogawanyika. Kuna Wazanzibari wanaoiona bendera ya sasa na kumkumbuka baba aliyekombolewa. Wapo pia wanaomkumbuka baba ambaye hakurudi nyumbani Januari ile. Wote wawili ni wenye nchi.

Ndiyo maana wapo wanaosema: turudisheni karafuu. Nawaelewa, ila karafuu nayo haikuwa ya wote. Katika uchaguzi wa Julai 1963, ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. Vyama pinzani vyake, ZNP na ZPPP, vikaunda serikali kwa viti 18. Bendera ya karafuu ilipandishwa na serikali ambayo zaidi ya nusu ya wapiga kura hawakuichagua. Na karafuu yenyewe si zao lisilo na makovu: mashamba ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na utumwa ulifutwa kisheria 1897 tu. Kwa mjukuu wa mtumwa, duara lile halikuwa pambo. Kwa mkulima wa Pemba, ambako ndiko karafuu nyingi hutoka, lilikuwa jasho lake kuonekana angalau mara moja kwenye mlingoti.

Hapo ndipo ninapoona bendera ya 2005 ilipoteza nafasi. Waliorudisha rangi za 1964 waliongeza kitu kimoja tu, alama ya Muungano, yaani walijibu swali la Zanzibar na Bara. Swali la Mzanzibari na Mzanzibari mwenziwe hawakuligusa. Siitaki ibadilishwe kesho. Bendera inayobadilika kila baada ya kizazi hakuna anayeizoea. Nataka tu watoto wa Unguja na Pemba wafundishwe zote, nyekundu, ya karafuu na hii, pamoja na waliozipandisha na waliozililia.

Karafuu yenyewe haikupotea. Itafute kwenye nembo ya Taifa ya Tanzania, ile yenye mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu. Miguuni pa mwanamke kuna pamba. Miguuni pa mwanamume kuna mkarafuu.