Kabla ya Kuuliza Kikuku Kina Maana Gani

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha nne unapomalizika mwezi Novemba, katika nyumba nyingi za Tanzania huanza msimu usio na jina lakini ambao kila mzazi wa binti anaujua. Binti aliyekaa miaka minne akiwa na nywele zilizonyolewa kwa amri ya shule na sketi ya marinda iliyokaguliwa urefu na mwalimu wa zamu, hujikuta ghafla ana miezi mingi mbele yake, kwa kuwa kidato cha tano hakianzi hadi katikati ya mwaka unaofuata. Kwanza husuka rasta, kisha hubandika kucha, na kufikia Krismasi pana kipini puani au kikuku mguuni, huku baba akiuliza jikoni, kwa sauti ya chini, kama mama ameona anachokiona yeye.

Nina maoni kwamba wazazi tunatumia nguvu nyingi mno kulisoma vazi na kidogo mno kuliangalia jina ambalo mvaaji hubandikwa. Vazi hubadilika kabla hata hatujamaliza kulijadili. Jina la kubandikwa humfuata binti shule mpya, humtangulia mtaani, na humwambia kila mwanamume anayelisikia kwamba huyu hana wa kumtetea.

Kikuku ni mfano mzuri. Ukikaa kwenye kikao cha kikoba au kicheni pati jijini Dar es Salaam, utaambiwa kwa uhakika wa mtu aliyekula kiapo kwamba kikuku cha mguu wa kulia kina maana hii na cha mguu wa kushoto kina maana ile, na kwamba anayekivaa anatangaza biashara. Nimezisikia tafsiri hizo kwa muda mrefu na bado sijakutana na watu wawili wanaokubaliana ni mguu upi. Wakati huohuo, wanawake wa pwani yetu walivaa mitali ya fedha miguuni tangu zamani, tena kwenye harusi na mbele ya wakwe, na kipini cha puani kilikuwa pambo la mabibi wa Lamu na Unguja wenye heshima zao muda mrefu kabla hakijamfikia binti wa Kimara. Kama pambo lingekuwa na maana ya asili isiyobadilika, mabibi hao wangekuwa na mengi ya kujieleza.

Atakayesema kwamba tatizo ni uchi, yaani sehemu ya mwili inayoachwa wazi, aziangalie suruali bwanga ambazo mabinti wamezipenda miaka ya karibuni. Suruali hiyo humeza mguu mzima, na ikivaliwa na fulana kubwa ya mtumba hakuna kinachoonekana isipokuwa uso na mikono. Je, wazazi waliokuwa wakilalamikia nguo za kubana wamefurahi? La hasha, kwa sababu binti huyo sasa anaitwa jikedume. Aliyebana nguo aliitwa kicheche, anayevaa kawaida ni mshamba, anayependeza na kupiga picha nyingi ni pisi kali au, akinunua simu mpya, mdangaji. Anayejistiri kupita wenzake ataulizwa kama amekwishapata mchumba, na asiyetoka kabisa ni mtoto wa geti kali, jina ambalo nalo husemwa kwa kebehi. Msichana wa miaka kumi na saba hana vazi moja ambalo halina jina linalomngoja.

Wazazi wengi hudhani kwamba binti anapovaa anazungumza na wanaume. Kwa kiasi kikubwa anazungumza na mabinti wenzake, na lugha hiyo aliianza akiwa ndani ya sare, ambako sote tulidhani wanafanana: namna soksi ilivyokunjwa, sketi iliyopelekwa kwa fundi ikabanwa kidogo kiunoni, begi la mgongoni, saa, hijabu iliyobanwa kwa pini upande huu badala ya ule. Kwa alama hizo hutambuana nani yuko na kundi lipi, nani amepitwa, nani ana dada anayeishi mjini. Mzazi anayeona mhuni mahali ambapo binti anaona rafiki zake amekwishatoka nje ya mazungumzo, na kupiga kelele hakutamrudisha.

Tumewahi kujaribu kwa nguvu ya dola. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, na kampeni hiyo, iliyoitwa Operesheni Vijana, ilipangwa kuanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Vijana wa kiume hawakungoja tarehe hiyo. Mwezi Oktoba makundi yao yaliwavamia wanawake Kariakoo kwa sababu ya nguo walizovaa, na magazeti yakajaa barua za wasomaji wakibishana. Msichana aliyekuwa na miaka kumi na sita wakati ule leo ni bibi wa zaidi ya miaka 70. Ndiye anayemwambia mjukuu kwamba zamani tulijiheshimu, na albamu ya picha ikiwa bado kabatini ni vizuri mjukuu akaombwa kuileta.

Jirani zetu wa Kenya waliliona jambo hilohilo kwa sura mbaya zaidi mwezi Novemba 2014, pale video ilipoonyesha wanaume wakimvua nguo mwanamke kwenye kituo cha matatu jijini Nairobi kwa madai kwamba anawatia majaribuni. Wanawake waliandamana, na kabla mwaka haujaisha sheria ikafanya kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwa kosa linalojitegemea. Wale wanaume hawakuamka asubuhi wakiwa na ujasiri huo. Walikuwa wamesikia maisha yao yote, pengine mezani kwao nyumbani, kwamba wako wanawake wa aina fulani ambao lolote likiwapata wamelitaka wenyewe.

Sisemi kwamba mzazi hana kauli. Msibani kuna mavazi yake, na binti anayekula nyumbani kwako anaweza kuambiwa bila hotuba kwamba leo tunakwenda kuzika. Swali zito zaidi ni la fedha, na hilo huulizwa mara chache kuliko linavyostahili: nani amelipia kucha, wigi na simu? Miaka kadhaa iliyopita redio zetu zilitufundisha kumwita fataki mtu mzima anayewarubuni wasichana, na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mwanafunzi mimba ni kosa linaloweza kumpeleka mtu jela miaka 30. Sheria hiyo, kasoro zake zikiwekwa kando, haikuuliza mwanafunzi alikuwa amevaa nini. Mzazi anayegombana na binti kuhusu kikuku kwa wiki nzima huwa amefunga mlango ambao binti angepitia kuja kusema kwamba kuna mtu anamtumia fedha.

Wazee wa pwani walilijua tatizo la mlango huo. Mambo ya mwili na mapambo hayakuwa mazungumzo ya mama na mwanawe. Kulikuwa na somo, mwanamke aliyekabidhiwa kazi hiyo, ambaye mwali angeweza kumwuliza bila kumwaibisha mzazi. Wengi wetu tumemwacha somo na hatukuweka mtu mahali pake, kisha tunashangaa kwamba TikTok imeikalia nafasi hiyo. Shangazi au mama mdogo mwenye kifua cha kuweka siri anaweza kuuliza yale ambayo mama akiyauliza yanageuka kesi, na swali la kuanzia si kwa nini amevaa hivyo, bali wenzake wanamwitaje na yeye anajisikiaje wakimwita hivyo.

Yako pia majina yanayotoka kwetu. Katika kundi la WhatsApp la ukoo, mjomba anapoandika chini ya picha ya binti kwamba huyu keshaharibika, kawaida mama hunyamaza kwa kumheshimu kaka yake, au humpigia simu pembeni usiku. Mimi naona ajibiwe palepale, kwa shikamoo yake na adabu yote, mbele ya kila aliyesoma, kwamba jina hilo halikubaliki katika familia, kwa sababu binti naye yumo kwenye kundi hilo na ujumbe ameuona.