Mbona akina mama wa sokoni hawakutajwa?

Mwandishi wa makala kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa ameeleza vizuri jinsi gereza la Bastille lilivyovamiwa tarehe 14 Julai 1789, lakini amewaruka wanawake wa Paris. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo, mkate ukiwa haba na bei haishikiki, walitembea kwenye mvua hadi Versailles, lilikokuwa kasri la mfalme, karibu kilomita 20, wakikokota mizinga. Wauza samaki walikuwa mstari wa mbele! Kesho yake waliondoka na mfalme Louis wa 16, mkewe na watoto, wakawapeleka Paris. Mfalme hakurudi tena kuishi Versailles. Kwangu mimi, ufalme ulivunjika mgongo siku ile. Kuvamiwa kwa kasri la Tuileries, alikoishi mfalme huko Paris, Agosti 10, 1792, na kufutwa kwa ufalme Septemba 21 kulimalizia tu kazi waliyoianza wanawake wale.